Swali kutoka Lindi: metro ya Cairo inapitaje chini ya Mto Nile, na kwa nini njia ya tatu ilifunguliwa vipande vipande?

Mwalimu wa Jiografia (Lindi)

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha jiografia hapa Lindi Manispaa, na wiki hii tulikuwa kwenye mada ya usafiri wa mijini. Nilichora ubaoni ramani ya metro ya Cairo, yaani treni za chini ya ardhi za mji mkuu wa Misri, kwa sababu ndiyo ya kwanza barani Afrika, ilianza kazi mwaka 1987, na nilitaka wanafunzi waone kwamba jambo hili si la Ulaya peke yake. Nilipofika kwenye njia ya tatu, inayoanzia Adly Mansour upande wa mashariki, ikapita katikati ya mji na kuvuka Mto Nile kuelekea magharibi, binti mmoja anayeishi Kitunda, ng'ambo ya mkono wa bahari, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama wenzetu wanapita chini ya Nile, mbona sisi bado tunasubiri kivuko?"

Hakuna aliyecheka darasani. Wote wanamwona anavyofika asubuhi sketi ikiwa imelowa pindoni, na wanajua siku ambazo hafiki kabisa hadi kipindi cha pili. Nilimjibu kwamba gharama ni kubwa, kisha nikaendelea na somo, lakini usiku nilitambua kwamba sikumjibu kitu, kwa sababu mwenyewe sijui fedha hiyo inakwenda wapi hasa.

Kwa hiyo naomba msaada kwa wanaojua. Handaki linachimbwaje chini ya mto bila maji kuingia? Tena, kipande cha kwanza cha njia hiyo ya tatu kilifunguliwa mwaka 2012 na cha mwisho mwaka 2024. Je, kufungua kidogo kidogo kwa miaka 12 ni uzembe, au ndivyo kazi hii inavyotakiwa kufanywa? Na sasa, ilhali njia hiyo ndiyo kwanza imekamilika, wanaendelea kujenga njia ya nne. Uamuzi wa wapi waipeleke unatokana na nini? Ningependa kurudi darasani Jumatatu nikiwa na jibu linaloeleweka.

Fundi wa Zege (Mtwara)

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kumpata mwanafunzi wa namna hiyo. Mimi ni fundi wa ujenzi, nimewahi kufanya kazi kwenye mahandaki ya reli ya kisasa kule milimani Kilosa, na nitakueleza ninavyofahamu.

Kilosa tulikuwa na mwamba. Mwamba unachosha, lakini ukishautoboa unasimama wenyewe. Cairo imekaa juu ya mchanga na udongo ulioletwa na mto kwa maelfu ya miaka, na ukichimba mita chache tu unakutana na maji. Ndiyo maana njia ya kwanza, ile ya 1987, ilipofika katikati ya mji haikuchimbwa kama panya anavyochimba. Walifungua barabara kutoka juu, wakajenga kuta za zege pande zote mbili kwenda chini, wakachimba katikati ya kuta hizo, kisha wakafunika na kurudisha barabara. Mtindo huo huwezi kuupeleka chini ya mto wenye kina na mkondo kama Nile.

Kwa njia ya pili, ambayo ndiyo iliyovuka Nile kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye kwa njia ya tatu, walitumia mtambo wa kuchimba wenye umbo la pipa lililolazwa, kipenyo chake zaidi ya mita 9, kiasi kwamba reli mbili, ya kwenda na ya kurudi, zinakaa ndani ya handaki moja. Mbele kuna gurudumu lenye meno linalozunguka. Nyuma ya gurudumu hilo kuna chumba kilichofungwa, na ndani yake husukumwa tope zito la udongo uitwao bentonaiti, kwa nguvu inayolingana na msukumo wa maji na mchanga ulioko mbele. Hapo ndipo siri ilipo, Mwalimu: maji hayaingii kwa sababu tayari kuna kitu kinachoyasukuma kwa nguvu ileile. Mchanga uliokatwa huchanganyika na tope hilo, hupelekwa juu kwa mabomba, huchujwa, na tope hurudishwa chini kufanya kazi tena.

Ndani ya mkia wa pipa hilo, mafundi hupanga vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, vyenye mpira kwenye kingo, huvifunga kwa bolti mpaka vikamilishe duara, kisha majeki huegemea duara hilo jipya na kuusukuma mtambo mbele hatua nyingine. Nafasi inayobaki nje ya zege hujazwa rojo la saruji mara moja. Kwa hiyo hakuna hata saa moja ambapo handaki hubaki wazi bila ukuta.

Kama ungependa wanafunzi waone kwa macho, wapeleke ufukweni maji yakiwa yametoka kupwa, uwape kopo la maziwa ya unga lililotolewa kitako, walilaze na kulisukuma ubavuni mwa shimo la mchanga uliolowa. Pembeni mchanga hautaanguka, kwa kuwa kopo limeuzuia, lakini mbele mchanga na maji vitamiminika ndani. Kisha wajaze mdomo wa kopo kwa udongo wa mfinyanzi uliolainishwa, ushike nafasi ya lile tope la bentonaiti, wasukume tena polepole na waone tofauti.

Usiwaambie kwamba kazi hii haina hatari. Mwaka 2009, wakati njia ya tatu ikichimbwa eneo la Bab El Shaaria, ardhi ilititia na shimo kubwa likafunguka barabarani. Na wakazi wa Zamalek, kisiwa kilicho katikati ya Nile ambako njia hiyo ilipangiwa kituo, walipinga kwa muda mrefu wakihofia majengo yao ya zamani. Mimi siwalaumu hata kidogo, kwa sababu aliyewahi kuona ufa unavyotembea ukutani anajua hofu hiyo.

Mwana wa Mikindani

Assalaam aleikum, Mwalimu. Fundi amemaliza upande wa kuchimba, nami nizungumzie upande wa kupanda, kwa kuwa nilisoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar hukohuko Cairo na nilikaa kwenye mabweni ya wanafunzi wa kigeni pale Abbassia tangu mwaka 2011 hadi 2018. Kipande cha kwanza cha njia ya tatu kiliishia Abbassia hapohapo, kwa hiyo nilikuwa mmoja wa watu walionufaika nacho mapema kabisa.

Vilikuwa vituo vitano tu: Attaba, Bab El Shaaria, El Geish, Abdou Pasha na Abbassia. Kulikuwa na watu waliouliza treni ya vituo vitano ina maana gani kwa mji wenye mamilioni ya watu. Ukitazama idadi ya vituo, wana haki. Lakini Attaba si kituo cha kawaida, kwa sababu hapo unakutana na njia ya pili, na njia ya pili inakutana na ya kwanza katika vituo viwili, Sadat na Al-Shohadaa. Maana yake ni kwamba siku ile vituo vitano vilipofunguliwa, sisi wa Abbassia hatukupata vituo vitano, tulipata mji mzima. Kabla ya hapo nilikuwa nabanana kwenye basi dogo hadi Attaba, na kulipokuwa na foleni sikuweza kumwahidi mtu saa ya kufika.

Hivyo swali lako la uzembe mimi ninalijibu hivi: kuchelewa kulikuwepo, nchi ilipitia mapinduzi ya 2011 na misukosuko yake, lakini kufungua vipande vipande kwenyewe si kosa. Mwaka 2014 njia ilifika Al Ahram, mwaka 2019 ikasogea mbele zaidi, mwaka 2020 ikafika Adly Mansour, mwaka 2022 ikavuka Nile hadi Kit Kat, na kutoka hapo ikagawanyika matawi mawili yaliyokamilika mwaka 2024. Kila kipande kiliungana na kilichotangulia, na mtu alikitumia siku ileile. Kosa lingekuwa kujenga kipande kinachoning'inia peke yake, kikisubiri mwenzake kwa miaka.

Ninachokikumbuka kwa uchungu ni umuhimu wa vituo vya kubadilishia. Kuanzia Agosti 2013 hadi Juni 2015 kituo cha Sadat kilifungwa kwa sababu za usalama, na wote waliokuwa wakibadilisha treni pale wakahamia Al-Shohadaa. Nilikuwa napita nimekumbatia vitabu kifuani kwa mikono yote miwili, miguu yangu ikienda kule umati unakotaka, na nilimwona mama mmoja akiwapitisha watoto wake wawili mbele yake, ameshika kola za mashati yao, hathubutu kuachia hata moja. Kuna mabehewa mawili ya katikati yaliyotengwa kwa wanawake, na siku hizo nilielewa vizuri kwa nini.

Waeleze wanafunzi pia habari ya nauli. Nilipofika ilikuwa paundi moja ya Misri popote uendapo. Mwaka 2017 ikawa mbili, na Mei 2018 wakaanza kutoza kwa idadi ya vituo: paundi 3, 5 au 7. Watu waliandamana vituoni. Kwa mwenye mshahara mdogo anayetoka pembezoni mwa mji, paundi 7 kwenda na 7 kurudi zilikuwa mlo wa mtoto, na mimi naona upanuzi wowote unaomfukuza mtu huyo kwenye treni umepoteza kazi yake.

Mzee wa Ligula (Mtwara)

Wanangu, nawasoma kwa makini. Niongeze jambo moja ambalo naona limepitwa, kuhusu njia ya kwanza. Ina urefu wa kilomita 44 hivi, kutoka Helwan hadi El Marg, lakini sehemu iliyo chini ya ardhi haifiki kilomita 5. Sehemu nyingine yote ni reli za zamani za juu ya ardhi, moja ya kusini na nyingine ya kaskazini, ambazo zilikuwa haziungani. Walichofanya ni kuziunganisha kwa handaki fupi katikati ya mji. Waliweza kwa sababu reli zile zilikuwepo na ardhi yake ilikuwa haijaguswa.

Sisi huku tulikuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikaenda Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Nilikuwa mtoto, na marehemu baba alinionyesha tuta lake likiwa bado limenyooka, majani yameanza kuota katikati. Leo mahali pengi palepale pana nyumba na mikorosho. Tunasikia mipango ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, nami naiombea heri, lakini kila ninapoisikia nalikumbuka lile tuta.

Mwalimu wa Jiografia (Lindi)

Mzee wangu, shikamoo, na nyote nawashukuru sana. Fundi, naomba unisaidie na njia ya nne, halafu na Kitunda, kwa kuwa binti yule hataniachia.

Fundi wa Zege (Mtwara)

Njia ya nne, awamu yake ya kwanza, inajengwa kwa mkopo wa Japani. Inatoka magharibi, inapita Giza karibu na piramidi na jumba jipya la makumbusho, inakutana na njia ya pili kituo cha Giza, inavuka chini ya Nile, inakutana na ya kwanza El Malek El Saleh, kisha inafika Fustat. Mimi naiona ni chaguo zuri, kwa sababu inapita chini ya mitaa iliyojaa watu ambao tayari wanateseka na foleni. Huko Adly Mansour, tangu 2022, kuna treni nyepesi ya umeme inayokwenda Mji Mkuu Mpya wa Utawala jangwani. Hiyo imejengwa kwa kutarajia watu wahamie. Kumfuata abiria aliyepo na kumtarajia abiria ajaye ni mipango miwili tofauti, na ningekuwa mimi ningemaliza ya kwanza kabla ya kugusa ya pili.

Kuhusu Kitunda, mwambie ukweli wote. Njia ya kwanza ya Cairo peke yake hubeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku, na ndio wanaofanya handaki listahili gharama yake. Vilevile treni haiwezi kushuka mteremko mkali, kwa hiyo ili ipite chini ya mkono ule wa bahari ingelazimika kuanza kuzama mbali sana ndani ya mji na kuibuka mbali vilevile upande wa pili. Kwa mlango wa maji mwembamba kama ule, anachostahili kudai ni daraja, au kivuko cha pili ili kimoja kikiharibika kingine kiendelee. Dai lake ni la haki, ila handaki silo dawa yake.

Mwalimu wa Jiografia (Lindi)

Nimemweleza leo asubuhi kabla ya kipindi. Alisikiliza, akaniuliza daraja linahitaji abiria wangapi, nikamwambia tutahesabu pamoja wanaopanda kivuko kwa siku moja. Ijumaa, maji yakipwa, darasa zima tunashuka ufukweni na makopo sita. Udongo wa mfinyanzi ataleta yeye kutoka ng'ambo.