Nyimbo za mwanamuziki mmoja wakati wa msiba: azipange vipi zimbebe, zisimzamishe?

Kimya_Kimya:
Wakuu, habari zenu. Mtu amefiwa na mzazi, sasa ni wiki ya sita. Kinachomshikilia ni nyimbo za mwanamuziki mmoja anayempenda tangu ujana. Albamu zote anazo kwenye simu. Tatizo ni kwamba leo wimbo unamtuliza, kesho wimbo uleule unamlaza kitandani mpaka jioni. Aache, au kuna namna ya kuzipanga? Naomba majibu ya kufanyiwa kazi, "muda utaponya" tumeshaisikia.

Mpiga_Zeze:
Asiache, ila asizisikilize ovyoovyo. Achukue karatasi, apitie wimbo mmoja mmoja na aandike unamfanya nini: unaliza, unatuliza au unainua. Asitazame maneno peke yake. Wimbo wa harusi unaweza kuliza kuliko wa maziko kama marehemu alikuwa akiuimba.

Kisha apange nyimbo 7, kama nusu saa. Mbili za kwanza zilingane na hali aliyo nayo. Wengi hukosea hapa: wanaanza na wa kuchangamsha, moyo unaukataa, unasikika kama kejeli. Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni hiyo tangu miaka ya 1940: mkute mtu alipo, ndipo umsogeze taratibu. Wa tatu uwe ule mzito kabisa. Wa nne uwe wa ala tupu, apate kupumua. Tatu za mwisho zipande kidogo kidogo. Si lazima ziwe za furaha, inatosha mapigo yawe imara zaidi. Ule mzito usiwekwe mwisho kamwe. Ukiisha pakawa kimya, kimya hicho ndicho kinachomlaza.

Fundi_Sauti:
Naongezea upande wa simu. Azime kuchanganya nyimbo, na azime ile hali ya kuendelea kucheza orodha ikiisha. Programu haijui kuna msiba. Itamtupia wimbo wowote. Azipakue, mtandao ukikatika asikwame kwenye ule wa tatu. Wimbo mzito autoe pia kwenye orodha ya garini, machozi na usukani haviendi pamoja.

Kama anavaa hedifoni saa nyingi: kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa mtu mzima ni sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unapungua nusu.

Nje ya mada kidogo: ikiwa simu hiyo ina ujumbe wa sauti wa marehemu, atoe nakala leo, aihifadhi mahali pengine. Simu hupotea.

Bi_Utenzi:
Mpiga Zeze, mpangilio wako naukubali, ila usiwe dozi ya kutwa mara tatu. Watafiti wa msiba Stroebe na Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anamlilia aliyeondoka, mara anashughulika na maisha yaliyobaki. Nyimbo zifuate mwendo huo. Nusu saa ya kulia ikiisha, ashike kazi ya mikono, afue au afagie, huku ikicheza albamu nyingine ya mwanamuziki yuleyule. Faida ya kuwa na mmoja ni hiyo: sauti iliyomliza ndiyo inayomsindikiza kwenye beseni la nguo.

Ajipime baada ya kusikiliza. Kulia si dalili mbaya. Lakini dakika 20 zikipita bado anazunguka palepale, "laiti ningalimpeleka mapema", basi wimbo huo unamchimbia shimo. Auweke kando kwa sasa.

Na atenge albamu moja asiiguse kabisa. Wimbo uliochezwa kila siku ya msiba hubaki na msiba ndani yake, na siku moja atamtaka mwanamuziki wake bila kilio.

Kimya_Kimya:
Ahsanteni sana. Na siku ambayo nyimbo hazimgusi hata kidogo?

Bi_Utenzi:
Azime, asijilazimishe, siku za namna hiyo zipo. Ila akiwa hapati usingizi, hali chakula, au anazungumzia kumfuata marehemu, msimwache peke yake, na mumpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Vinginevyo wiki ya sita ni mapema mno kuita ugonjwa: ICD-11, mwongozo wa WHO wa kuainisha magonjwa, huanza kuhesabu baada ya miezi 6, tena huzuni iwe bado inamzuia kuendesha maisha yake.