Naomba ushauri: pango la popo adimu kutaka kuzibwa

Ndugu zangu, assalamu aleikum. Mimi ni mkazi wa Likoni, Mombasa, na ukoo wetu una shamba upande wa Kwale lenye pango la matumbawe, ambamo hulala popo ambao mtaalamu mmoja aliwatambua kuwa Taphozous hildegardeae, spishi inayojulikana Kenya na Tanzania pekee, hasa ukanda wa pwani. Mchana hujificha pangoni na usiku huwinda wadudu msituni, kwa hivyo kulinda pango huku miti ikikatwa ni kazi bure.

Wazee wetu wanataka kuuziba mlango kwa mawe kwa kuogopa maradhi. Hofu yao siipuuzi, kwani virusi vya Marburg vilihusishwa na pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987; lakini popo anayejulikana kuvibeba ni mla matunda wa spishi nyingine, Rousettus aegyptiacus.

Je, geti la vyuma lenye nafasi za kupitia popo linafaa kwa hawa warukao kwa kasi, au ni heri uzio wa nje? Na nianzie wapi, Shirika la Wanyamapori (KWS) au Makavazi ya Kitaifa, kabla mawe hayajaletwa?