Naomba ushauri: wanafunzi wanacheka, mjadala hauanzi

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Uraia, na ndiye mlezi wa klabu ya wapinga rushwa shuleni kwetu. Nataka kipindi kijacho nitumie "Ndiyo Mzee" ya Profesa Jay, ule wimbo wa 2001 ambao mgombea anamwaga ahadi zisizotekelezeka na umati unamuitikia tu. (Jamaa mwenyewe 2015 akawa mbunge wa Mikumi, hilo nalo ni mjadala tosha.)

Niliwapigia wanafunzi kipande cha wimbo huo kwenye simu ili kuwaonjesha. Walicheka mpaka basi, na tangu siku hiyo kuna kijana wa nyuma, kila nikisema neno, "Ndiyo mzee!" Lakini nilipouliza umati ule ulipaswa kumuuliza nini mgombea, kimya.

Sasa, waliowahi kufundisha kwa nyimbo au vichekesho: mnawatoaje kwenye kicheko mpaka waanze kuhoji diwani wao, barabara yao, michango yao? Niwape waigize kampeni, au niwaache watunge mashairi yao? Halafu mkuu wa shule anahofia itaonekana siasa. Nimwendee vipi?