Vinundu kwenye majani ya milimau: mdudu huyu huenda wapi wakati wa kiangazi?

Mkulima wa Rungwe
Salaam kwenu ndugu wakulima. Nina milimau na michenza kandokando ya migomba yangu, karibu na Tukuyu. Kila mwaka mvua zinapoanza na miti kuchipua, majani machanga hujikunja na kujaa vinundu upande wa juu, na nikiligeuza jani naona vishimo vilivyokaliwa na vidudu bapa vya rangi ya njano. Msimu uliopita nilipulizia dawa mara tatu, lakini vinundu havikupungua. Ifikapo Agosti vidudu sivioni tena, kisha hurudi. Je, hujificha ardhini? Na kwa nini shemeji yangu wa Kyela, mwenye michungwa mingi kuliko mimi, hajawahi kuviona?

Bwana Shamba Mstaafu, Mbeya
Ndugu yangu, huyo ni trioza, mdudu mfyonza utomvu ambaye akipevuka huwa na mabawa maangavu na urefu wa takriban milimita 4. Hajifichi ardhini, wala hana kipindi cha kulala kama wadudu wengine. Uzazi wake wote hutegemea chipukizi laini. Jike hutaga mayai ya njano kwenye kingo za majani yanayofunguka, na kila yai lina kikonyo kinachochomekwa ndani ya jani ili lipate maji humo, ndiyo maana jani lililokomaa halimfai. Mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 15, kutegemea joto. Tunutu, yaani mdudu mchanga aliyeanguliwa, hutulia upande wa chini wa jani, nalo jani hubonyea pale alipokaa. Hujivua ngozi mara 5 katika siku 17 hadi 43, kisha huruka.

Kwa hiyo kinundu ni kovu. Mdudu akishaondoka, jani hubaki hivyo mpaka lianguke, na nahofia kwamba dawa yako uliipulizia kwenye vishimo vitupu.

Kuhusu Kyela, jibu ni joto. Mayai na tunutu wachanga hukauka na kufa joto likizidi nyuzi 32 hewa ikiwa kavu, ilhali ubaridi na unyevu wa Tukuyu huwafaa sana. Wakati wa kiangazi wapevu wachache huendelea kuishi kwenye majani yaliyokomaa, au kwenye miti ya porini ya ukoo wa michungwa, wakisubiri chipukizi lolote.

Mama Bustani, Mufindi
Shikamoo Bwana Shamba. Naomba niongeze jambo ambalo ni zito kuliko vinundu. Mdudu huyu hubeba bakteria wa ugonjwa unaofanya majani yawe na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, na matunda yabaki madogo, yamepinda, yenye ukijani upande wa chini. Mti ulioambukizwa hauponi, kwa hiyo miche inunuliwe kwa uangalifu mkubwa.

Kabla ya kupulizia, wachunguze tunutu kwanza. Ukikuta wamekauka, wamekuwa kahawia na wana tundu dogo mgongoni, ujue wameliwa na watoto wa nyigu wadogo. Nyigu hao waliopelekwa kisiwa cha Réunion kutoka Afrika Kusini walimtokomeza trioza huko, nasi tunawaua kwa dawa zinazopuliziwa bila kuangalia. Mimi hupogoa miti yangu yote kwa wakati mmoja ili ichipue pamoja, na hukagua machipukizi kila wiki katika kipindi hicho kifupi.

Mkulima wa Rungwe
Ahsanteni sana. Leo nimezunguka shamba lote na mayai nimeyakuta kwenye mlimau mmoja tu, ulio nyuma ya jiko, ambao humwagiwa maji ya kuoshea vyombo na hivyo huchipua hata katika miezi ya ukavu. Je, niukate?

Bwana Shamba Mstaafu, Mbeya
Usiukate. Yaondoe machipukizi hayo yenye mayai na uyachome leo hii, kisha maji ya vyombo yaelekeze kwenye migomba mpaka mvua zianze.