Naomba ushauri: rekodi za nidhamu za askari walioenda mkutano wa chama

Wakuu shikamooni, niko Lindi natangaza redio ya mtaani. Kuna askari wameonekana kwenye mkutano wa chama cha siasa wamevaa kiraia, mmoja na kofia ya chama kabisa, wakati Katiba ibara ya 147 inawakataza kujiunga na chama chochote, sasa nataka kujua kama walishawahi kulalamikiwa huko nyuma. Barua ya kuomba rekodi hizo nimepeleka, ikagongwa muhuri basi, kimya, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa wenye taarifa siku 30 tu kujibu. Hata wale polisi wa Seattle, Marekani, walioenda mkutano wa Trump Januari 6, 2021 majina yao yalipiganiwa mpaka mahakamani.

Nianze na RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) au niende moja kwa moja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora? Na wananchi waliolalamika niwalindeje, maana huku tunajuana wote jamani.