Mjadala: Likizo isiyo na ukomo ina manufaa kwa mfanyakazi?

Mwanzisha Mada: Netflix ya Marekani haiwahesabii wafanyakazi wake wa mshahara siku za likizo, yaani mtu huchukua kadiri anavyohitaji, na mwaka 2023 Microsoft nayo iliondoa hesabu hiyo kwa wafanyakazi wake wa mshahara walioko huko. Sasa mwajiri wangu hapa Dar es Salaam ametuletea rasimu ya mkataba yenye kifungu kama hicho. Ninaunga mkono, kwa sababu mtu mzima anajua lini amechoka, na wanaopinga wengi wao wamezoea kulimbikiza siku ili wadai fedha.

Afisa Utumishi Mstaafu: Ndugu, hilo la kulimbikiza halikustahili kusemwa. Siku ambazo mtu hakupewa nafasi ya kuzitumia ni deni la mwajiri. Kule California likizo iliyolimbikizwa huhesabiwa kuwa ni mshahara na hulipwa mtu anapoondoka kazini, kwa hiyo pasipo hesabu, mara nyingi deni nalo linatoweka. Marekani sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, lakini sisi tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayotupa siku 28.

Mwanzisha Mada: Sikumtukana mtu yeyote. Mjomba aliyenisomesha alipofariki, niliambiwa kwamba siku 4 za msiba ni kwa mume au mke, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa pamoja, na mjomba hayumo. Nilikwenda kumzika kwa siku zilizokatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Kifungu kipya kingeniondolea fedheha hiyo.

Mhasibu wa Kinondoni: Pole sana, lakini tusichanganye msiba na mapumziko. Anayetoka Dar es Salaam kwenda kuzika Bukoba kwa basi anarudi kazini akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, halafu meneja anamwambia kwamba likizo ameshakula.

Karani, Mombasa: Kwetu Kenya sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Fomu yetu ya likizo ina safu ya siku zilizobaki, na ikisomeka 11, ninaiweka mezani kwa mkuu wa idara bila kujieleza sana, naye anatia saini. Mkiifuta safu hiyo, karani kama mimi atabaki kuomba hisani, wakati meneja atakwenda zake bila kuulizwa. Kickstarter, kampuni ya Marekani ya kuchangisha fedha mtandaoni, waliacha likizo isiyo na ukomo mwaka 2015 na kurudi kwenye siku 25, kwa kuwa watu hawakujua kiasi gani kinafaa kuchukuliwa.

Mwanzisha Mada: Meneja wangu si mtu wa namna hiyo.

Afisa Utumishi Mstaafu: Meneja huhamishwa, mkataba unabaki. Kabla hujatia saini, dai kifungu kiandikwe “siku zisizopungua 28, na zaidi kwa makubaliano”, na kumbukumbu ya siku ulizochukua iendelee kutunzwa.

Mhasibu wa Kinondoni: Hapo nakubaliana nawe, Mzee. Ila hakuna aliyemjibu ndugu yetu kuhusu mjomba. Mimi nimelelewa na mama mdogo, naye pia hayumo katika orodha hiyo. Je, ni nani anayeweza kuipeleka hoja hii kwenye chama cha wafanyakazi?