Mjadala: Mfungwa wa zaidi ya miezi sita anyimwe kura kwa hoja ipi?

Mwana Ujiji: Ndugu zangu, Desemba 2022 Mahakama Kuu, katika shauri la Tito Magoti na mwenzake, ilikibatilisha kifungu cha 11(1)(c) cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, ambacho kilimwondoa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mtu aliyehukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi sita. Ibara ya 5 ya Katiba inaliruhusu Bunge kuzuia haki ya kupiga kura kwa waliotiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, ilhali kifungu kile hakikutaja kosa lolote, kilihesabu miezi tu. Hata hivyo, uboreshaji wa Daftari ulipozinduliwa hapa kwetu Kigoma tarehe 20 Julai 2024, kipimo cha magerezani kilibaki kile kile cha miezi sita. Naomba anayekiunga mkono atueleze mantiki yake.

Mstaafu wa Gongoni: Mantiki ni nyepesi. Aliyeivunja sheria hawezi kushiriki kumchagua mtunga sheria akiwa bado anatumikia adhabu; amalize, atoke, apange foleni kama sisi. Isitoshe, kwa Kigoma, kabla ya kuuliza nani ni mfungwa, ingefaa tuulize kwanza nani ni Mtanzania.

Binti Manyovu: Hoja ya adhabu nawaachia wengine. Mimi, mzee wangu, nakujibu hayo ya mwisho, kwa kuwa nimeyasikia tangu nikiwa msichana, na kila mara huletwa kama pambo la mazungumzo. Nilipokwenda kuomba kitambulisho niliulizwa babu yangu alizaliwa kijiji gani, nikataja; nikaulizwa babu wa babu yangu, nikanyamaza. Je, huko kwenu Tabora babu wa babu huulizwa? Watu wa mpakani na Burundi tunatakiwa kuuthibitisha uraia kila tunapofungua kinywa, kwa sababu tu Kiha na Kirundi vinasikilizana.

Kijana wa Isevya: Wanaukumbi, mzee wetu wa Gongoni amekosa, lakini tafadhali msimpe adhabu inayozidi miezi sita, tutapoteza mpiga kura.

Mstaafu wa Gongoni: Nilikuwa natania, na utani baina yetu na Waha haukuanza jana. Lakini kwa kuwa binti ameamua kukasirika, na aisome hiyo Ibara ya 5: uraia wa nchi nyingine umetajwa humo humo pamoja na hatia ya jinai, kwa hiyo sikutoka nje ya mada. Nilikuwa Kasulu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Binti Manyovu: Uliwaona wakimbizi, hukumwona baba yangu. Utani una watani wake na mahali pake, na penye Daftari si mahali pake. Ninyi hucheka, sisi ndio tunaorudishwa dirishani.

Mwalimu wa Kasulu: Nawasihi turudi kwa mwenye swali. Mstaafu anasema amalize ndipo apige kura. Kwa aliyefungwa miaka 2 huenda maneno hayo yakavumilika. Kwa aliyefungwa maisha ni sawa na kumwambia kamwe. Kenya wafungwa walipiga kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010, na mwaka 2017 wakapiga kura ya Rais peke yake, kwa hiyo hata ile hofu ya gereza kubwa kumchagulia kata diwani wake ilipatiwa dawa. Kule Marekani, majimbo ya Maine na Vermont hayamwondolei mfungwa kura hata akiwa ndani.

Mstaafu wa Gongoni: Kenya wana Katiba yao na Marekani wana yao. Mwalimu ana ugonjwa wa kupenda vya majirani.

Mwalimu wa Kasulu: Basi tubaki nyumbani. Gereza la Kwitanga, hapa hapa mkoani, lina mashamba ya michikichi, na wanaoyahudumia ni wafungwa. Mtu anayeaminiwa kuzalisha mali ya taifa unamwona hafai kutia alama kwenye karatasi?

Mstaafu wa Gongoni: Ng'ombe naye hulima, mwalimu.

Mwana Ujiji: Mzee, binadamu umemfananisha na ng'ombe, na bado hujanijibu. Sikuuliza kama adhabu ni adhabu. Nimeuliza kwa nini hakimu akitoa miezi 5 mtu abaki mpiga kura, na akitoa miezi 7, kwa kosa lile lile, asiwe mpiga kura.

Mstaafu wa Gongoni: Mpaka lazima uwekwe mahali.

Binti Manyovu: Mpaka tena! Huo nao uliuona kwa macho yako, mzee, au huu ulisimuliwa?